Kukomaza mayai ya ng'ombe maabara: homoni gani utie, kiasi gani, na ujue inafanya nini

Assalaam alaykum jamani. Kila mwaka wanakuja vijana wa mazoezi maabara na kila mwaka swali la kwanza ni lilelile, "Dada, FSH tunatia kiasi gani?" FSH ni ile homoni inayokuza vifuko vya mayai. Hakuna anaeuliza kwanini inatiwa, mtu anataka namba tu aimimine, asubiri masaa 24, ahesabu, aandike ripoti. Sasa nimeona niyaandike yote kwa utaratibu, kuanzia machinjioni mpaka kwenye hadubini, na homoni moja moja nieleze kazi yake, mana ukiijua kazi yake namba hutoisahau na siku mambo yakigoma utajua pa kutafuta.

Sie tunatumia mayai ya ng'ombe. Ovari zake machinjioni hazina mnunuzi, zinatupwa, alafu yai la ng'ombe lina upana wa maikromita 120 hivi, halipishani sana na la binadamu, na ng'ombe kama mwanamke kwa kawaida anapevusha yai moja kwa mzunguko. Kwaiyo unachojifunza hapa kinakupeleka mbali.

Kabla hujagusa kitu, fahamu hili

Yai ndani ya ovari limelala. Lilianza kugawanyika huyo ng'ombe akiwa bado tumboni mwa mamake, likasimama njiani, na linakaa hivohivo miaka mpaka zamu yake ifike. Ukilitizama wakati huu unaona ndani yake kiini kikubwa cha mviringo, hiyo hatua tunaiita GV.

Linalolilaza ni kile kifuko chake, folikeli. Seli za ukutani mwa folikeli zinatoa kitu kinaitwa CNP, kinakwenda kwenye kumulasi, yaani zile seli zilizolizunguka yai, nazo zinatengeneza cGMP, kemikali ndogo ya kupeleka habari, na kuipitisha kwa vijinjia vidogo mpaka ndani ya yai. Humo ndani cGMP inamzuia kimeng'enya mmoja, PDE3A, asivunje cAMP, kemikali nyengine ya jamii hiyohiyo. cAMP ikiwa juu yai halisogei. Siku ya kupevuka tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inatoa LH, homoni ya kupevusha, kwa wingi, CNP inashuka, vijinjia vinafungwa, cGMP inaisha, PDE3A anaivunja cAMP na yai linaamka.

Haya sasa, weye ukilitoa yai na sindano si umeshalikatia ile CNP ya ukutani inayolilaza? Umelikatia. Kwaiyo linaamka lenyewe, bila ya homoni hata tone. Hili walilionyesha watafiti Pincus na Enzmann kwa mayai ya sungura mwaka 1935, na Edwards akaja kulionyesha kwa mayai ya binadamu mwaka 1965.

Mie nilikuwa nimelisoma lakini halijaniingia. Siku moja nilitayarisha matone sita, tone la mwisho nikalitia midia ya kuoshea (midia ni yale maji ya kulelea mayai) badala ya midia yenye homoni, nimekuja kugundua usiku nikiwa nyumbani. Nikajua yale mayai kumi ndo basi. Kesho yake nikayatizama kwa kutaka kujua tu, na saba yalikuwa yametema kile kijipande cha pembeni tunachokiita pola bodi, ambacho ndo alama ya yai kukomaa. Saba katika kumi, bila FSH, bila LH. Lakini seli zake za kumulasi zilikuwa zimekaa vilevile zimebana kama jana, hazijafunguka hata kidogo.

Hapo ndo nilipoelewa. Kuna kukomaa kwa kiini, yaani kromosomu zimejipanga na pola bodi imetoka, na kuna kukomaa kwa utomvu wa ndani, zile akiba na protini ambazo yai litazihitaji likishaingiliwa na mbegu. Ni kama embe la kuvundika, ganda linageuka njano siku mbili tu lakini ukilikata ndani bado kali. Homoni unayotia kwenye sahani haiko pale kuliamsha yai. Iko pale ili seli za kumulasi zifanye kazi yake, ndani kukomae pamoja na nje. Ukilishika hili kila hatua inayofuata itakuwa na maana.

Hatua ya 1: Homoni zitayarishe mapema, si asubuhi ya kazi

Homoni zinakuja unga kwenye vichupa vidogo. Ukishaliyeyusha unga lote ligawe vifungu vidogovidogo vya kutumia mara moja, andika jina, kiasi na tarehe, eka kwenye friza. Usiyeyushe na kugandisha tena na tena, FSH na LH ni protini, kila ukizigandisha upya zinapoteza nguvu na hutoona kwa macho, maji yatakuwa safi yaleyale. Mie nagawa maikrolita 50 kila kichupa na kinachobaki namwaga, roho inauma lakini namwaga.

Vifungu vyetu ni hivi:

FSH, maikrogramu 100 kwa mililita moja.
LH, miligramu 1 kwa mililita.
Estradioli, homoni ya kike ya jamii ya estrojeni, miligramu 1 kwa mililita, na hii haiyeyuki kwa maji, tumia ethanoli safi.
EGF, maikrogramu 10 kwa mililita. Hii kwa jina si homoni, ni kichochezi cha ukuaji, lakini utaona chini kwanini nimeitia.

Kuna jambo watu wanaliuliza kwa sauti ya chini, mie nalisema wazi. FSH nyingi za mifugo zinatoka kwenye tezi ya pituitari ya nguruwe. Kwa kisiwa kama chetu cha Unguja kijana ana haki ya kujua anashika nini. Ipo ya kondoo, na ipo ya binadamu iliyotengenezwa maabara kwa kupandikiza jeni, zote zinafanya kazi kwenye mayai ya ng'ombe. Soma lebo kabla ya kuagiza, na ukibadilisha aina usihamishe namba kichwakichwa, mana zile zinazotoka kwenye tezi huwa na LH kidogo imechanganyika ndani yake na nguvu yake kwa miligramu si moja. Lebo nyengine zinahesabu kwa yuniti, nyengine kwa uzito.

Hatua ya 2: Changanya midia

Kwa mililita 10, ambazo zinatosha kazi ya siku moja na ziada:

Chukua chupa ya TCM-199, midia ya dukani, ile yenye chumvi za Earle na baikaboneti. Tia siramu ya ndama (maji ya damu yake) mililita 1, hiyo ni asilimia 10. Tia sodiamu pairuveti maikrolita 100 kutoka kwenye kifungu cha milimola 20, ndani itakuwa milimola 0.2. Jentamaisini, antibayotiki, ya miligramu 50 kwa mililita, tia maikrolita 10. Alafu FSH maikrolita 50, inakuwa maikrogramu 0.5 kwa kila mililita. LH maikrolita 50, inakuwa maikrogramu 5. Estradioli maikrolita 10, inakuwa maikrogramu 1. EGF maikrolita 10, inakuwa nanogramu 10. Jaza TCM mpaka ifike mililita 10, pitisha kwenye filta ya maikromita 0.22, lakini homoni zitie baada ya kufilta kama vifungu vyake ni safi, mana protini zikiwa chache vile nyengine zinanasa kwenye filta.

Estradioli usizidishe hata kwa bahati mbaya. Maikrolita 10 kwenye mililita 10 ethanoli inakuwa asilimia 0.1, na hapo ndo mwisho, ukipita hapo unayalevya mayai.

Sasa tuje kwenye kazi zake, hapa nitakaa kidogo.

FSH ndo mkubwa wao kwenye sahani. Seli za kumulasi zina vipokezi vyake vingi, kwaiyo ikifika inapokelewa moja kwa moja. Cha kwanza inachofanya kitakushangaza, inapandisha cAMP ndani ya kumulasi na kulichelewesha yai kuamka, masaa machache tu. Huko kuchelewa ndo faida yenyewe, ndani kunapata muda wa kujitayarisha kabla kiini hakijakimbia. Baadae inazifanya seli zitengeneze asidi ya hayaluroni, ule utelezi unaozisukuma seli ziachane, na kumulasi inafunguka.

LH ni hadithi nyengine. Ndani ya mwili yeye ndo bwana wa kupevusha, lakini hagongi mlango wa kumulasi, mana vipokezi vyake pale ni haba mno. Anagonga kwenye seli za ukutani mwa folikeli, nazo ndo zinatoa vichochezi vya jamii ya EGF, majina yake amfiregulini, epiregulini na betaselulini, na hivyo ndo vinavyokwenda kumpa habari kumulasi. Kwenye sahani yako ukuta haupo, umeuacha kwenye ovari! LH umemleta kwenye nyumba ambayo mpokea barua wake kahama. Ndo mana tunatia EGF wenyewe, tunaruka pale katikati. Mapishi ya zamani yote yana LH na haidhuru kuwemo, lakini ukiwa na bajeti ndogo na lazima uache kimoja, maoni yangu acha LH, usiache FSH wala EGF.

Estradioli watu hawajakubaliana na mie nitakwambia ukweli wangu. Midia ikiwa na siramu haina shida na wengi wanaitia. Midia isiyo na siramu imeonekana kwamba kiasi hikihiki kinaweza kuvuruga mpangilio wa kromosomu kwenye mayai ya ng'ombe, ndo mana maabara nyengine wameiacha kabisa. Pia ni steroidi, inapenda mafuta, na matone yako utayafunika na mafuta ya parafini, kwaiyo sehemu yake inahamia juu kwenye mafuta na kile ulichokipima sicho yai inachokipata. Mtu akikuletea matokeo ya estradioli chini ya mafuta muulize hilo.

Na yai nalo halikai kimya. Linatoa protini mbili, GDF9 na BMP15, linaziambia seli za kumulasi zifanye nini. Kwaiyo ni mazungumzo ya pande mbili, ukilivua yai kumulasi yake ukalitia kwenye homoni nzuri kuliko zote, hamna wa kuipokea hiyo homoni.

Kwa wanaouliza habari za hospitali, utaratibu wa kawaida wa kupandikiza mimba ni mwanamke anachomwa FSH siku kadhaa ili mayai mengi yakue, alafu anachomwa hCG inayofanya kazi badala ya LH, na mayai yanavutwa baada ya masaa 34 mpaka 36 yakiwa yamekomaa humohumo mwilini. Kukomaza nje ya mwili ni njia ya wale ambao hizo sindano zina hatari kwao, khasa wenye ovari zenye vifuko vingi, au mgonjwa wa saratani asie na muda wa kungoja. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo aliripotiwa Korea Kusini mwaka 1991 na Cha na wenzake. Siku hizi Ubelgiji na Vietnam wanatumia utaratibu unaoanza kwa kuyalaza mayai na CNP kwanza siku nzima ndo wayaamshe, yaani wanairudisha ile kazi ya folikeli kwenye sahani. Umeona? Ni somo lilelile.

Hatua ya 3: Tengeneza matone kabla ya kwenda machinjioni

Matone ya maikrolita 50 kwenye sahani ya petri, funika na mafuta ya parafini, tia inkubeta, ile kabati ya joto na gesi, nyuzi 38.5, kabonidayoksaidi asilimia 5, na trei ya maji chini ili hewa iwe na unyevu. Yakae si chini ya masaa mawili kabla mayai hayajaingia, mie nayalaza tangu usiku.

Angalia rangi. Midia ikipata gesi sawasawa inakuwa rangi ya papai lililoiva. Ukiiona inaelekea zambarau ujue gesi haifiki, mtungi umekwisha au mlango haufungi vizuri, na ikiwa njano kuna bakteria au gesi imezidi. Rangi hiyo inakwambia mengi kuliko kioo cha mashine, mana vioo vinadanganya.

Kama unataka kujifunza kitu na si kukomaza tu, gawa sahani nne: bila homoni, FSH peke yake, FSH na LH, FSH na EGF. Sahani ya bila homoni usiiache kamwe, bila hiyo hujui homoni imefanya nini na yai limefanya nini lenyewe. Na kama unalinganisha homoni kwa makini kumbuka siramu ina homoni zake za ndama, zimo humo bila kualikwa. Ukiitoa siramu ukatia albumini safi utapata jibu safi zaidi, lakini hapo kumulasi haitofunguka vizuri hata ukitia FSH, mana ule utelezi unahitaji protini fulani ya kwenye siramu ili ushikane. Wengi wakiona hivo wanadhani FSH imekufa.

Hatua ya 4: Machinjioni

Twende alfajiri. Sie tunakwenda Kisakasaka, wenzetu wa Pemba watajuana na machinjio ya kwao. Piga simu jana yake uulize kuna majike mangapi, mana siku nyengine utakuta madume matupu na safari imekuwa ya bure. Siku za Iddi Kubwa usihesabu, watu wanachinja majumbani na wachinjaji wana kazi yao.

Ingia kwa adabu. Siku za mwanzo mzee mmoja pale aliniuliza, "Mwanangu, hivi vya kutupwa weye unavipeleka wapi?" Nikamwambia, "Ami, ndani yake mna mayai, tunataka tujue yanakomaa vipi ili ng'ombe wetu wazae vizuri." Akaniita nisogee, akanionyesha mwenyewe mfuko wa uzazi unavofuatwa na mkono mpaka ufike ovari, na tangu siku hiyo ananiekea pembeni kwenye bakuli kabla sijafika. Mie miaka yote ya skuli sikuwahi kuonyeshwa vizuri kama alivonionyesha yule mzee.

Chukua thamosi ya mdomo mpana, ndani tia maji ya chumvi, gramu 9 za sodiamu kloraidi kwa lita ya maji yaliyosafishwa, na antibayotiki. Maji ya kisima usifikirie, ya kwetu mengi yana chumvi yake tayari. Joto liwe kati ya nyuzi 30 na 35. Barafu usitie! Najua tumezoea samaki, kila kitu cha machinjioni tunakiekea barafu, lakini yai la ng'ombe linadhurika vibaya na baridi. Na jua nalo hapana, thamosi ikae kivulini garini.

Vaa glavu na fanya haraka lakini kwa uangalifu. Ng'ombe wanaweza kuwa na brusela, ugonjwa unaoambukiza watu, na sehemu za uzazi ndo pake khasa, kwaiyo dada mwenye mimba hii hatua asiifanye, ampe mwenzake. Kutoka kuchinjwa mpaka mayai yanaingia inkubeta jitahidi isipite masaa manne, na muda halisi uandike kwenye daftari.

Hatua ya 5: Kuvuta mayai

Osha ovari mara tatu kwa maji ya chumvi yenye joto, kata nyamanyama za pembeni. Tizama vifuko. Unavitaka vya milimita 2 mpaka 8. Vidogo zaidi ya hapo yai lake bado halijakua, lisipofika maikromita 110 hivi mara nyingi litaamka lakini halifiki mwisho. Vikubwa zaidi viache.

Sindano geji 18, bomba la mililita 5 au 10, ndani uanze na midia kidogo ya kuoshea yenye HEPES ili nje ya inkubeta isiharibike uchachu wake. Ingia na sindano kupitia nyama ya ovari, si moja kwa moja juu ya kifuko mana kitapasuka na maji yatakurukia usoni. Vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu kumulasi inachunika na yai linabaki uchi, na tumeshasema yai uchi hamna wa kulipokelea homoni. Mimina kwenye neli yenye joto, acha dakika 10 mayai yazame chini.

Ovari moja ya ng'ombe wetu wa kienyeji ikikupa mayai matano mpaka kumi shukuru.

Hatua ya 6: Kuchagua

Hapa ndo jicho linapofanya kazi. Chini ya hadubini ndogo utaona vitu vingi, damu, vipande vya nyama, na katikati mayai. Zuri ni lile lenye kanzu ya kumulasi tabaka tatu na zaidi, imebana pande zote, na ndani yake rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa. Ukiona kumulasi imeshafunguka kabla hujatia homoni, au ndani kuna mabaka meusi, hilo lilishaanza kufa ndani ya folikeli, liweke kando hata kama mayai yako machache. Natumia neno zito, usilitie! Yai bovu litaharibu hesabu na baadae utailaumu FSH.

Yaoshe mara tatu, mara ya mwisho kwenye midia ileile yenye homoni ya kundi lake, ili usichukue maji ya kuoshea ukaenda kuyazimua matone yako.

Hatua ya 7: Kulaza

Mayai kumi kwa kila tone la maikrolita 50. Ingiza, andika saa, funga mlango, uondoke. Kila ukifungua mlango gesi na joto vinatoka, na vijana wana tabia ya kwenda kuchungulia kama wanaangalia mkate.

Masaa 22 mpaka 24. Ndani ya muda huo kiini kinayeyuka kwenye masaa 6 mpaka 8 ya mwanzo, kromosomu zinajipanga, na kuanzia saa ya 18 hivi pola bodi zinatoka. Usichukue muda wa mnyama mwengine, panya anamaliza masaa 12 mpaka 16, nguruwe anataka 40 mpaka 44, mbuzi ni kama 27. Na usizidishe ukadhani unayapa nafasi, yai lililokomaa likingoja linazeeka.

Umeme. Sie tuliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kiza, hatuhitaji kuambiwa. Siku hizi ni afadhali sana lakini kukatika dakika 20 kunatosha kukuharibia. Inkubeta iwe na betri yake, na ikikatika usifungue mlango, likifungwa vizuri joto linashuka polepole. Andika ulikatika saa ngapi na ukarudi saa ngapi, siku hiyo usiifute, iandike.

Hatua ya 8: Kusoma

Anza na kumulasi kabla hujaigusa. Ipe alama 0 mpaka 4. Sifuri haijabadilika, nne imefunguka mpaka zile seli za ndani kabisa zilizoligusa yai, nazo zimesimama kama nywele za shokishoki na wingu zima linateleza na kunata kwenye pipeti. Kundi la FSH ulilinganishe na kundi la bila homoni, hii ndo tofauti utakayoiona kwa macho mawili bila rangi wala mashine.

Alafu vua kumulasi kwa hayaluronidezi, asilimia 0.1, tikisa kwenye votekisi, ile mashine ya kutikisa, dakika mbili tatu, osha. Liviringishe yai moja moja na ncha ya pipeti utafute pola bodi, mara nyingi imejificha chini kwaiyo lisipoviringishwa utaandika halina. Kama mna hadubini ya mwanga wa UV, rangi ya Hoechst maikrogramu 10 kwa mililita dakika 10 mpaka 15 inatosha, utaona nukta mbili zinang'aa, moja ya yai moja ya pola bodi. Kama hamna, na wengi hatuna, yaloweke kwenye mchanganyiko wa ethanoli tatu kwa asidi ya asetiki moja siku nzima au mbili, alafu tia rangi ya orsini ya asilimia 1. Ni njia ya zamani na inakuonyesha kromosomu vizuri sana, mie naipenda kuliko hiyo ya kung'aa.

Yagawe mafungu: yaliyolala, yaliyoamka, yaliyosimama njiani, yaliyofika, na yaliyokufa. Maabara zilizozoea kazi hupata asilimia 80 hivi na zaidi yaliyofika kwa ng'ombe. Weye ukianza ukapata 60 endelea, rudia siku tatu tofauti kabla hujasema neno, mana ovari za Jumatatu si za Alhamisi.

Sasa kama makundi yote manne yametoka sawa kwa pola bodi, usiseme homoni haifanyi kazi, hilo tumelisema tangu juu, kiini kinaamka chenyewe. Tizama kumulasi. Kama na kumulasi ziko sawa, zote zimebana, hapo FSH yako ndo ina tatizo, chukua kifungu kipya kutoka friza, kile chenye tarehe ya karibu, ujaribu na mayai machache. Kama zote zimefunguka mpaka la bila homoni, kuna siramu au pipeti imekuhamishia homoni kutoka tone hadi tone, badilisha ncha kila kundi. Na kama zimefunguka vizuri lakini ukishayapandisha mbegu hayaendelei kugawanyika, basi rudi hatua ya 4 upige hesabu ya muda na joto la thamosi, huenda tatizo liko huko kabla hata homoni haijaguswa.